Tunavyofichana skolashipu

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima na lawama zenu zimenifikia. Nilikuwa maabara, na mlioko masta mnajua jinsi maabara inavyommeza mtu. Leo sina habari za maji kukatika hosteli wala za bumu kuchelewa. Nina jambo linalonikera, na nusu ya kosa ni langu mwenyewe.

Mwaka jana nililipata tangazo la nafasi ya PhD kule Sweden, utafiti wa viumbe vya ziwani. Mimi ni mtu wa kemia ya maji, nafasi ile ingenifaa kwa kuivutavuta. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja ndiye mtu wa viumbe hasa. Ameshinda Mwanza miezi na wavuvi, anazijua dagaa na sangara kama anavyowajua wadogo zake. Sasa mimi nilifanya nini? Nikanyamaza. Nikajisemea, nikimwambia huyu atanipiku. Nikatuma maombi peke yangu, nikakosa. Hata kwenye usaili sikuitwa.

Juzi aliazima kompyuta yangu kutafuta desa, akalikuta lile tangazo. Akalisoma lote, hadi tarehe ya mwisho. Halafu akaniambia kwa upole tu, "Kaka, hii si ungeniambia." Akaendelea kunywa chai yake. Angenitukana ningelala vizuri zaidi, maana mwezi ujao likizo yake ya masomo inakwisha na anarudi kufundisha sekondari, vipindi thelathini kwa wiki. Huko muda wa kuandika pendekezo la utafiti ataupata wapi?

Wadau, tusidanganyane, ugonjwa huu si wangu peke yangu. Ni nani kati yetu hajawahi kufunga ukurasa haraka mtu alipopita nyuma yake? Ni nani hajamwona mtu anaaga ghafla kwamba anakwenda Ulaya wiki ijayo, wakati hata mwenzake wa benchi moja hakujua kama aliomba? Yapo pia matangazo yanayolala kwenye droo za wakubwa na kubandikwa ubaoni siku mbili baada ya muda kupita. Hao tunawasema kila siku. Je, sisi tuna tofauti gani nao?

Wanaojitetea husema nafasi ni chache. Sawa, ni chache. Lakini hushindani na mtu wa kitanda cha pili tu. Unashindana na Mhindi, Mbrazili, Muethiopia na wengine kibao usiowajua. Mfuko wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani, kwa mfano, hauna mgao wa nchi wala wa fani. Sasa ukimficha rafiki yako umepunguza nini? Umebaki na watu walewale, ila umempoteza yule ambaye angekusomea andiko lako usiku na kukuambia kwamba aya ya pili haieleweki. Zipo kweli skolashipu zenye nafasi maalumu kwa nchi, lakini hata huko mtu aliyesomewa maombi yake na wenzake watatu ana nafuu kuliko aliyeandika gizani.

Wengine wanasema kila mtu atafute kwa juhudi yake. Juhudi ipi? Mwenye mjomba ughaibuni au supavaiza aliyesoma nje anaambiwa mezani wakati wa chakula. Mtoto wa mkulima anayebaki maabara hadi saa nne usiku anasubiri ubao. Hapo kinachoamua ni nani anamjua nani, halafu tunakiita juhudi.

Basi naanza mimi kulipa deni. Haya ndiyo niliyokuwa nimeyakalia.

Kwanza, tunatafuta neno "skolashipu" peke yake, ndiyo maana tunakosa. Sweden na Norway mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo, ana mkataba na mshahara. Kwa hiyo tazameni kurasa za nafasi za kazi za vyuo vyenyewe. Ada ambayo Sweden ilianza kuwatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2011 ni ya shahada ya kwanza na masta, PhD haimo. Ujerumani nako kuna nafasi nyingi za namna hiyo, mbali na ufadhili wa DAAD.

Pili, Marekani idara yenyewe ndiyo mara nyingi inayolipa ada na posho, nawe unafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza au unafanya utafiti. Fani nyingi wanakuchukua hata ukiwa na digrii ya kwanza tu. Ada ya maombi ikikushinda, waandikieni kuomba msamaha wa ada, vyuo vingi vina utaratibu huo. Hili nililijua nikiwa nimeshalipa, tena kwa hela ya bumu! Ila masharti ya viza yasomeni mapema, yanabadilika.

Tatu, Uingereza kuna mpango wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1959. Dada zangu wa sayansi na uhandisi, ulizieni kama mpango wa Faculty for the Future wa Schlumberger bado unapokea maombi. Tangu mwaka 2004 umesomesha wanawake wa nchi zinazoendelea, kwa PhD na baada yake.

Nne, wale mliokwisha kuvaa joho jekundu na mnataka utafiti wa baada ya uzamivu. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya haubagui uraia. Wanachotazama ni kwamba uwe na PhD, usiwe umepitisha miaka 8 ya utafiti tangu uipate, na usiwe umeishi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Huko, na kwa Humboldt pia, lazima kwanza upate mwenyeji, yaani mtafiti anayekubali kukupokea. Mwenyeji hapatikani wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho.

Na hapo ndipo wengi tunapochemsha. Tunatuma barua pepe moja kwa maprofesa mia, "Mheshimiwa, naomba ufadhili," basi. Mimi nilifanya hivyo, sikujibiwa hata na mmoja. Soma makala moja ya huyo mtu, mwandikie aya mbili: umejifunza nini kwake, na wewe una swali gani. Walimu wako wa kukuandikia barua za mapendekezo waambie mwezi mzima kabla. Na mtu akikudai hela kwa simu ili "akushughulikie" skolashipu, kimbia!

Mwenzangu sasa amepata tangazo jingine, Norway, la samaki hasa. Juzi tumekesha, yeye anaandika, mimi nasoma na kukata sentensi zilizozidi. Ameyatuma maombi jana. Atapata au hatapata, sijui. Ninachojua ni kwamba barua ile ni nzuri kuliko ile niliyoiandika mimi peke yangu kwa kujificha.

Nimeshamwomba msamaha. Alicheka, akasema nimnunulie chipsi kuku. Nimenunua.

Jumamosi hii saa kumi jioni tukutane chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Kila mtu aje na tangazo moja na rasimu yake moja, hata kama ni bomu. Asiye na tangazo aje na kalamu nyekundu. Wa mwaka wa tatu nanyi mnakaribishwa, msingoje mpaka mmalize.

Na kama una tangazo ulilolikalia, bado hujachelewa. Mgeukie jirani yako sasa hivi umwambie.

Wasalaam, tuonane mwembeni.