Kutoka Jikoni Kwenda Ubaoni

Mwezi huu tunaandika habari za nyumbani kwetu wenyewe, maana wengine mmeshatuuliza kwenye foleni ya bomba.

Ni kweli. Mama wa nyumba hii, baada ya miaka tisa ya kukaanga mandazi na kupika uji wa shule, anataka kusomea ualimu wa mapishi na lishe. Si upishi, jamani, ni ualimu: kusimama mbele ya watoto na kuwaeleza chakula kina nini ndani na kinaharibikaje.

Tulipoliongea mara ya kwanza tuligombana. Mandazi ndiyo yanayonunua sabuni na madaftari. Tukapiga hesabu: asubuhi tatu kwa wiki bila mandazi ni karibu nusu ya mapato. Jirani naye akatuambia, "Kupika kila mwanamke anajua, sasa utamfundisha nani?"

Neno hilo lilituuma, kisha likatufikirisha. Kupika tunajua. Kwa nini tunapika hivyo, hapo ndipo tunapokwama. Chukua muhogo mchungu. Bibi zetu waliuloweka siku tatu, nasi siku tatu, lakini mtoto akiuliza kwa nini isiwe moja tunamwambia nyamaza. Kumbe ndani mna sumu ya sianidi, nayo hutoka polepole muhogo ukichachuka majini. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo kule Kwango, Kongo. Kwa Kiyaka jina hilo ni miguu iliyofungwa. Unawapata zaidi watoto na akina mama wanaokula muhogo ambao haukulowekwa vya kutosha, bila maharage wala samaki, na miguu ikishapooza hairudi kama zamani. Njaa ndiyo inayofupisha siku za kuloweka.

Lipo na jambo linalotugusa sisi wakimbizi zaidi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, watu zaidi ya 17,000. Ngozi ya shingo na mikono inababuka kwa jua, tumbo linaendesha, hata akili inachanganyikiwa. Mahindi walikuwa wanakula. Kilichokosekana kwenye mgao ni karanga. Karanga tu! Tangu tusikie habari hiyo, karanga hatuziuzi tena.

Basi baba wa nyumba amejifunza kukanda unga. Mandazi yake ya kwanza yalikuwa magumu kama mafiga. Watoto waliyala kwa heshima.

Lililobaki ni cheti. Mmoja wetu aliwahi kumaliza kozi ya ushonaji akapewa karatasi isiyo na muhuri, hakuna aliyeipokea. Kwa hiyo safari hii, kabla ya kuandikisha jina, tunampelekea mratibu maswali yetu: cheti anakitoa nani, tukirudi kwetu kitatambuliwa, na mazoezi ya kufundisha darasani ni wiki ngapi? Asipojibu la pili, tutasubiri.

Akijibu vizuri, kozi inaanza baada ya mvua. Enyi akina mama mnaokaanga, njooni tuongee: wateja wetu wa Jumanne, Jumatano na Alhamisi tutawaachia ninyi, maana baba bado mikono yake mizito.