Ubao Ule Hatukuuchoma



Makala ni bei kali hapa Bunia, na kila kipande cha ubao nyumbani tunakitazama kama moto wa jikoni. Juma hili mtoto wetu alituomba ubao wa kitanda kilichovunjika. Anataka kutengeneza gitaa ndogo, ya kubeba mgongoni. Kwanza tulikasirika: gitaa si mambo ya bar? Kisha tukamwachia.

Shingo aliichonga kwa kisu. Tumbo ni bidoni ya mafuta ya lita 5. Nyuzi ni za waya wa freni ya kinga, aliofungua akatoa uzi mmoja mmoja. Hapo tulisimama naye: uzi ukikatika unaweza kutoboa jicho, basi wakati wa kukaza uso uwe mbali.

Tuliona pia hesabu ya shule. Uzi wa sentimita 54 unagawanywa kwa 18: kizuizi cha kwanza kinakaa kwenye sentimita 3. Kwa kila kinachofuata, gawanya tena urefu uliobaki. Cha 12 kinaangukia karibu nusu, kwenye 27.

Mwenda Jean Bosco alirekodiwa Likasi mwaka wa 1952, na gitaa yake ikasikika hadi Nairobi. Hatusemi mtoto wetu atafika huko. Lakini mikono yenye kazi haizururi, na gitaa ndogo, hata siku ya kukimbia, inabebeka.

Makala tulichukua kwa deni. Nanyi, mtoto akiomba ubao, muulizeni kwanza anataka kufanya nini.