Lori la shaba hupimwa uzito, mtoto mgonjwa je?

Kila lori la shaba au kobalti linalotoka Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa hubeba karatasi zake: uzito, aina ya madini, jina la mwenye mali. Karatasi zikikosekana, lori halipiti. Lakini katika mji huohuo, mtoto mwenye homa kali anaweza kudungwa sindano moja baada ya nyingine bila uzito wake kuandikwa mahali popote.

Si kwamba madaftari hayapo. Vituo vya afya vya Dilala, Manika na Fungurume vina rejesta. Muuguzi huandika jina, umri, mtaa, ugonjwa na dawa. Mwisho wa mwezi hesabu hupelekwa ofisi ya kanda ya afya, kisha huingizwa katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya unaotumia programu ya DHIS2. Kinshasa inapata idadi: wangapi waliugua malaria, wangapi walifariki. Swali ambalo hesabu hizo haziwezi kujibu ni hili: je, mgonjwa huyu alipewa dawa iliyomfaa, kwa kipimo kilichomfaa? Jibu limo ndani ya fishi na rejesta zenyewe, na hapo ndipo linapobaki.

Malaria inatosha kuonyesha hasara yake. Congo ni ya pili duniani kwa idadi ya wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Congo ikiwemo, uliwafuata watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, waliopewa sindano ya artesunate, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, likapendekeza artesunate kwa watoto wote wenye malaria kali.

Lakini dawa hiyo ina masharti. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4. Sindano tatu za kwanza hutolewa ndani ya saa 24: mgonjwa anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Akiweza kumeza, lazima amalize siku tatu za vidonge vya dawa mseto. Safu ya uzito ikiwa tupu, hakuna anayeweza kujua kama kipimo kilikuwa sahihi. Vidonge vya mwisho visipoandikwa, hakuna anayejua kama mtoto alipona au alipoa tu kwa wiki mbili. Na matibabu yanayoachwa njiani huwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa.

Kwa antibiotiki hali ni ngumu zaidi. Kipimo cha Widal, ambacho bado hutumika sana nchini kutafuta homa ya matumbo, kinaweza kusema “ndiyo” kwa mtu asiye na ugonjwa huo. Mchimbaji anayetoka shimoni na homa anaweza kuondoka kituoni na dawa za malaria na za homa ya matumbo kwa pamoja, huku kipimo cha haraka cha malaria kikiwa kimesema hana. Sindano ya ceftriaxone, ambayo WHO imeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, ikitolewa kwa kila kikohozi, siku ya uti wa mgongo au ya mtoto mchanga mwenye sumu ya damu inaweza isisaidie. Mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu vilivyoshinda dawa.

Nchi tajiri nazo husoma madaftari kufuatilia dawa nyingine: zile za kibayolojia, zinazotengenezwa kwa chembe hai na kuuzwa kwa bei kubwa. Uingereza ilianzisha mwaka 2001 rejesta ya wagonjwa wa baridi yabisi wanaotumia dawa hizo. Kwa kufuatilia maelfu ya fishi, watafiti waligundua kwamba adalimumab na infliximab ziliambatana na kifua kikuu kuliko etanercept. Daktari mmoja, na wagonjwa wake wachache, asingeliona hilo. Lualaba haina wingi wa dawa hizo, ingawa insulini nayo ni ya kibayolojia. Njia ndiyo inayohitajika: kuirudia rejesta na kuiuliza swali.

Kazi yenyewe haihitaji kompyuta mpya. Wasimamizi wa kanda ya afya tayari wana wajibu wa kutembelea vituo. Kila mwezi wachague fishi 30 bila kupendelea, wakae na muuguzi mkuu wa kituo, waulize mambo manne. Je, kipimo kilifanyika kabla ya dawa ya malaria? Je, uzito umeandikwa? Je, baada ya artesunate mgonjwa alipewa dawa mseto? Je, antibiotiki ina sababu iliyoandikwa? Majibu yabandikwe ukutani, bila jina la mgonjwa, na mwezi unaofuata yalinganishwe.

Wapo watakaosema wauguzi wamechoka, na wanasema kweli. Wengi hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa. Kituo kinachokula kwa kuuza dawa kitauza dawa. Kwa hiyo ukaguzi usio na fedha utazaa uongo: safu ya uzito itajazwa, lakini mizani haitaguswa. Fedha zipo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha, na mamlaka za chini asilimia 15. Kutoka humo zinaweza kutoka mizani, vipimo vya haraka na posho ya muuguzi isiyotegemea idadi ya sindano.

Hofu nyingine ni ya siri. Katika mji wa migodi, fishi inayosema mtu ana kifua kikuu inaweza kumkosesha kazi. Ndiyo maana usomaji huu lazima ubaki mikononi mwa watu wa afya, na usifike kamwe kwa mwajiri. Wala usiwe fimbo ya kumfukuza muuguzi, kwa kuwa anayeogopa huandika kile mkubwa anachotaka kusoma.

Mkoa wa Lualaba unajua kupima. Unataka kujua kila tani inayotoka ardhini mwake ilikokwenda na ilipita kwa nani. Mama wa Musonoi au Kapata anayempeleka mwanawe kituoni usiku haombi zaidi ya hapo: mwanawe apimwe kabla ya kudungwa, iandikwe, na mtu mwingine aje kusoma kilichoandikwa.