Kutunza wagonjwa wa akili: vijana wanauliza, kanisa litajibu nini?

Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23, mwezi wa kwanza na wa pili 2025, vijana wetu wananiuliza jambo ambalo zamani sikulisikia sana: «Mchungaji, nikisomea kutunza wagonjwa wa akili, nitapata kazi?» Wengine wana mwito, wengine wameona magari ya mashirika. Siwalaumu hao wa pili. Kijana lazima ale.

Kazi hii ina milango miwili. Wa kwanza ni uuguzi: A2 au A1, kisha mazoezi marefu kwenye kituo cha wagonjwa wa akili. Muuguzi huyu anatoa dawa za kifafa na za wanaosikia sauti, tena anajua kitakachofuata mgonjwa akiziacha. Mlango wa pili ni wa msaidizi wa kisaikolojia, yule tunayemwita APS. Hatoi dawa. Anasikiliza, anamfuata mtu hadi nyumbani, anazungumza na mume na mama mkwe.

Kuna wanaodharau mlango huu wa pili, eti ni kukaa na kuongea tu. Utafiti uliotolewa 2013 uliwafuata wanawake 405 wa mashariki mwa Kongo waliotendewa ukatili wa kingono. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali wasaidizi wa hapa hapa waliofundishwa kuongoza vikundi vya tiba ya mazungumzo. Miezi sita baada ya tiba, 9 kwa mia ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Kati ya waliopata msaada wa kawaida, mmoja mmoja, ni 42 kwa mia. Moyo mwema hautoshi bila mafunzo.

Shida ni nani atalipa. Kazi nyingi za APS zililipwa na miradi ya nje, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, mikataba mingi ilikatika. Mgonjwa aliyeanza kufungua moyo anakuta msikilizaji wake ameondoka.

Tuseme ukweli kati yetu. Bukavu ina SOSAME, Goma ina Tulizo Letu; vyote viwili ni kazi ya watawa Wakatoliki, Frères de la Charité. Sisi Waprotestanti tuna hospitali kubwa, na Panzi imewahudumia wanawake kwa namna ya kusifiwa. Lakini mwenye kichaa bado tunampeleka chumba cha maombi, na kuna vyumba ambamo anafungwa kamba na kunyimwa chakula. Naamini pepo wapo. Ila katika Marko 5 minyororo iliwekwa na majirani, si na Yesu, na yule mtu alipopona walimkuta ameketi, amevaa nguo. Marko hasemi nguo zilitoka wapi. Kuna mtu alizileta.

Basi mabaraza ya jumuiya zetu yajibu: je, kila hospitali ya kanisa itaweka nafasi moja ya muuguzi wa akili kwenye mshahara wake yenyewe, si wa mradi?

Kwa kijana anayeuliza, jibu langu ni hili: maliza uuguzi kwanza, maana mradi ukiisha utabaki na kazi mkononi. Halafu omba staji kwa wagonjwa wa akili. Siku ya kwanza mgonjwa atakutukana, pengine atakutemea mate. Ukirudi siku ya pili, njoo tuongee habari ya mwito.