Wafiwa Waliandamana Dhidi ya Nani?

Kila yanapotajwa maandamano ya amani ya Meksiko, husikika hoja moja inayosemwa kana kwamba haihitaji ushahidi: jambazi wa dawa za kulevya hasomi bango. Anayechinja watu hatatubu kwa kuonyeshwa picha ya marehemu. Basi vita waachiwe wanajeshi, wafiwa wabaki matangani.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wafiwa wangekuwa wakizungumza na jambazi. Machi 2011 mshairi Javier Sicilia alifiwa na mwanawe, aliyeuawa pamoja na wenzake sita karibu na Cuernavaca. Akaacha kuandika mashairi. Mei akaongoza watu kwa miguu kutoka mji huo hadi Mexico City, na Juni alikuwa ameketi katika kasri la Chapultepec, uso kwa uso na Rais Felipe Calderón, aliyeingiza jeshi katika vita hivi Desemba 2006. Aliyetakiwa kujibu pale ni serikali.

Na serikali ilikuwa na mengi ya kujibu, kuanzia na ile tabia ya kuwanyamazisha wafiwa kwa kudai kwamba aliyeuawa naye alikuwa na lake. Mapema 2010 vijana waliokuwa kwenye sherehe mtaa wa Villas de Salvárcar, Ciudad Juárez, walimiminiwa risasi. Calderón, akiwa ziarani Japani, akayaeleza mauaji yale kama ugomvi wa magenge. Wengi wao walikuwa wanafunzi. Alipofika Juárez, mama aliyepoteza wana wawili alisimama mbele yake akamwambia hawezi kumkaribisha. Hatimaye, Januari 2013, sheria ya kuwatambua na kuwafidia waathirika ilitangazwa na mrithi wake. Calderón mwenyewe alikuwa ameikwamisha.

Mauaji yalipungua? Hapana. Mwaka 2007 waliuawa watu wapatao 8,900. Mwaka 2011 zaidi ya 27,000. Mwaka 2018 zaidi ya 36,000. Wakosoaji hupenda kuishia hapo. Lakini miaka yote hiyo helikopta, bunduki na bajeti vilikuwa mikononi mwa nani? Anayeyapima maandamano kwa idadi ya maiti, na jeshi alipime kwa kipimo hicho hicho.

Tena wapo wafiwa waliofanya kazi ya polisi. Huko Veracruz, akina mama wa kundi la Solecito waliingia uwanja wa Colinas de Santa Fe mwaka 2016, wakawa wanapigilia nondo ardhini, wanaichomoa na kunusa ncha yake. Yalipatikana humo mafuvu zaidi ya 250. Anayewaambia wanawake hawa wabaki matangani awaeleze kwanza watakaa matanga gani bila maiti.

Agosti 2012 msafara wa Sicilia ulivuka mpaka, ukaanzia San Diego na kuishia Washington mwezi mmoja baadaye. Wapo walioona ni kujitafutia umaarufu ugenini. Mimi naona ndiyo hatua yao yenye akili kuliko zote. Wakati huo Meksiko nzima ilikuwa na duka moja tu halali la bunduki, nalo la jeshi. Upande wa pili, marufuku ya bunduki za kivita ilikuwa imekwisha muda tangu 2004. Fedha nazo zilikuwa na njia yake. Desemba 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kueleza kwamba angalau dola milioni 881 za magenge zilipitia kwake. Hakuna ofisa wa benki aliyefungwa kwa hilo. Sisi wa pwani, tuliozoea kuona mvuta unga akikamatwa na kete mbili huku mwenye mzigo akilala kwake, hatushangai sana.

Agosti 2021 serikali ya Meksiko yenyewe iliwashtaki watengenezaji wa bunduki katika mahakama za Marekani, kwa hoja ambayo wafiwa walikuwa wameivusha mpaka miaka tisa kabla. Juni 2025 Mahakama ya Juu ikaitupa kesi hiyo, ikitegemea sheria ya 2005 inayoikinga biashara ya silaha. Sheria hiyo haikutungwa na genge la Sinaloa. Ilipitishwa na Kongresi ya Marekani, nayo Kongresi inaweza kuifuta.