Uzazi wa Majira: Dawa Ikifika, Watoto Hupungua?

Mama wa kijijini wilayani Koboko anayeshika njia ya zahanati, mtoto mgongoni, kwenda kuchomwa sindano ya miezi mitatu, huenda hana nia kabisa ya kukoma kuzaa. Atakalo ni huyu wa mgongoni aache ziwa kwa wakati wake, asimame, ale ugali wake wa muhogo, ndipo mwenzake afuate. Jambo hili si geni: wazee wa pwani walimwonya mama asije akambemenda mtoto, miaka mingi kabla ya vidonge kuvumbuliwa.

Hesabu za Uganda zafaa kutazamwa kwa utulivu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2000-2001 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye waume, 18 walitumia njia za kisasa, na mwanamke alizaa kwa wastani watoto 6.9. Mwaka 2006 watumiaji walikuwa wale wale 18, na uzazi ukasimama karibu pale pale, watoto 6.7. Ilipofika mwaka 2016 watumiaji walikuwa 35, na wastani ulikuwa umeteremka hadi 5.4.

Haifai, hata hivyo, kuipa dawa sifa zote. Katika miaka hiyo vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya nusu, na wasichana wengi waliingia darasani baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa mwaka 1997. Mzazi aliyezika wawili hashawishiki kwa urahisi kwamba watatu watamtosha.

Katika West Nile mwaka huo wa 2016 uzazi ulibaki juu ya wastani wa taifa, na matumizi ya dawa chini yake. Zahanati kuwapo ni jambo moja. Dawa kuwamo kabatini siku mama anapofika ni jambo jingine. Sindano haimngoji mtu: muda wake ukipita, kinga huisha. Ndiyo maana lilikuwa jambo kubwa pale, kuanzia wilaya ya Nakasongola mwaka 2004, wahudumu wa afya wa vijiji walipofundishwa kuchoma sindano hiyo, na baadaye akina mama wenyewe wakafundishwa kujichoma nyumbani.

Nyumbani, lakini, yumo pia mume. Wako wanawake wanaochagua sindano kwa kuwa haionekani, ilhali kijiti hupapaswa mkononi. Mume asiyeelezwa huona siri. Aliyekaribishwa kliniki pamoja na mkewe huuliza maswali yake huko huko.

Na asiyetarajia nchi itajaa polepole mara moja akumbuke sensa: Waganda walikuwa milioni 24.2 mwaka 2002, na milioni 45.9 mwaka 2024. Wasichana waliozaliwa katika miaka ya watoto saba ndio akina mama wa leo, na hata kila mmoja akizaa wachache kuliko mamaye, wao wenyewe ni wengi.