Ukimsomesha mtoto nyumbani, msomeshe kwa Kiswahili

Tangu tulipozungumza kwenye kipindi juu ya kusomesha watoto nyumbani, swali linalokuja kuliko yote ni moja: "Mnatumia mtaala gani?" Si swali baya. Ila kuna swali kubwa zaidi ambalo wengi hatuliulizi, nalo ni hili: mnasomesha kwa lugha gani?

Nitasema wazi ninavyoona. Ikiwa wewe ni mtoto wa Waswahili unayeishi Dubai, umeamua kubaki na mtoto nyumbani, halafu siku nzima inapita kwa Kiingereza, basi unajichosha kwa kitu ambacho shule ya mtaani kwenu ingempa mwanao bila wewe kupunguza hata saa moja ya kazi. Kitu ambacho shule haitampa ni Kiswahili.

Kwa wasionijua: mimi ni mhasibu, mama wa watoto watatu, wa miaka 7, 5 na 3. Wazazi wangu walitoka Mombasa miaka ya 1980, mimi nimekulia Deira. Nafanya kazi nusu siku kutoka nyumbani. Mume wangu yuko Jebel Ali, anatoka alfajiri, anarudi magharibi. Huu ni mwaka wetu wa pili wa kusomesha nyumbani. Mkubwa amesajiliwa na shule ya mtandaoni ya nje, kwa sababu sheria ya Falme za Kiarabu inafanya elimu kuwa ya lazima kuanzia miaka 6, na siku ukitaka kumrudisha mtoto darasani utaulizwa karatasi. Kwa hiyo kumbukumbu zake zote naziweka kwenye faili, kama ninavyofanya kazini.

Sasa, msinielewe kwamba kwetu mambo ni shwari kama zile picha za mitandaoni. Kuna siku mdogo anakalia daftari la kaka yake na hataki kushuka. Kuna siku wa kati analia kwa sababu herufi "r" imekataa kukaa kwenye mstari. Saa nne asubuhi nina mkutano wa kazi, na ndo saa hiyo hiyo watu wote wanataka maji. Kuanzia Juni mpaka Septemba joto linapita nyuzi 40, basi tumefungiana ndani na kiyoyozi, watu watano kwenye vyumba viwili. Na kuna siku nzuri, siku ambayo mtoto amesoma sentensi yake ya kwanza mwenyewe na anazunguka nyumba nzima akitafuta kitu kingine cha kusoma, hadi maandishi ya kwenye gunia la mchele. Mzazi yeyote anajua hesabu hiyo. Siku mbaya ni nyingi kuliko tunavyosema, na siku nzuri zinatosha kutufanya tuendelee.

Lakini kwa sababu gharama ni kubwa hivyo, ni haki tujiulize tunapata nini.

Dubai haina upungufu wa shule. Za binafsi zinazosimamiwa na KHDA, mamlaka ya elimu ya hapa, ni zaidi ya 200, na mitaala ni zaidi ya 15: ya Uingereza, India, Marekani, Ufaransa, Pakistani, Ufilipino na mingine. Wahindi wana shule zao, Wafilipino wana zao. Sisi Waswahili tumekuja na kwenda katika mji huu kwa karne nyingi, na mtoto wetu hana darasa linalomfundisha kuhesabu kwa lugha ya nyanya yake. Pa kujifunzia ni nyumbani tu.

Na nyumbani hebu tusikilize tunavyokitumia Kiswahili. Njoo ule. Vaa viatu. Wacha hiyo. Mpe mwenzio. Unasikia lakini? Ni lugha ya amri na ya chakula. Tukitaka kueleza kwa nini maji yanaganda au mvua inatoka wapi, tunahamia Kiingereza pale pale, na mtoto si mjinga. Anajifunza kwamba Kiswahili ni cha kukaripiwa na Kiingereza ni cha kufikiri. Wengi wenu mnaosoma hapa mmelelewa hivyo hivyo. Mnaelewa kila kitu nyanya anachosema, ila kumjibu kwa sentensi tatu zilizofuatana mnaona tabu. Hiyo si kwa sababu hamkusikia Kiswahili. Hamkuwahi kupewa kazi ya kufanya kwa Kiswahili.

Kusomesha nyumbani kunakupa kazi hizo, na baadhi yake Kiswahili kinazifanya vizuri ajabu. Chukua hesabu. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe linamwonyesha mtoto kwamba kuna kumi moja na vingine pembeni. Kwa Kiingereza ana maneno mapya ya kukariri kabla hajaona hilo. Kisha ishirini, thelathini, arubaini, mpaka tisini, ni jamaa wa Kiarabu, na Kiarabu watoto wa Dubai wanakisoma. Wa kati alipoanza Kiarabu aliniambia, "Mama, hawa wameiga kwetu." Nikamweleza kwamba ni sisi tuliochukua kwao, akanuna kidogo.

Kusoma ndo rahisi zaidi. Ba, be, bi, bo, bu: herufi inasomwa jinsi inavyoandikwa, haibadiliki leo ikawa hivi na kesho vile. Mtoto akishazijua silabi anasoma. Ujasiri alioupata kwa Kiswahili anaingia nao kwenye Kiingereza chenye mitego yake.

Saa nayo ni somo kamili la kutoa. Simu inasema 7:00, sisi tunasema saa moja, kwa sababu tunahesabu tangu jua linapochomoza. Toa sita. Mtoto wa miaka saba akishazoea, anacheza na saa mbili kichwani kwa wakati mmoja.

Na mji wenyewe ni kitabu. Nenda Al Fahidi, kwenye zile nyumba kongwe, mwambie mtoto aangalie dari. Boriti zile nyingi ni za mikoko, na mikoko ya kujengea nyumba za Ghuba ililetwa kwa majahazi kutoka Lamu, Rufiji na kwingineko pwani yetu, biashara iliyoendelea hadi Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mpe futi ya kupimia, apime. Kisha mvuke na abra kwa dirhamu 1 kila mtu, mfike upande wa Deira mnakopakia majahazi mpaka leo, umweleze kaskazi inayopeleka vyombo Afrika na kusi inayovirudisha. Umefundisha jiografia, historia na hesabu kwa asubuhi moja, na maneno yote muhimu ya somo hilo, boriti, jahazi, kaskazi, kusi, ni ya kwetu.

Somo letu kubwa mwaka jana lilikuwa la vivuli. Mwezi wa Juni tulisimamisha fimbo ya mita 1 karibu na adhuhuri, jua likiwa juu kabisa. Kivuli cha Dubai kilikuwa kama upana wa vidole viwili. Mamangu, ambaye wamerudi Mombasa na baba, alisimamisha mpini wa ufagio wenye urefu huo huo uani kwake. Chake kilikaribia nusu mita, kimeelekea kusini. Watoto wakashangaa: si Mombasa ndo karibu na ikweta, mbona kivuli cha kwa nyanya kirefu? Siku mbili nzima swali hilo lilikuwa kwenye simu. Mamangu akatumia chungwa na tochi kueleza kwamba mwezi wa Juni jua linakuwa limehamia upande wetu wa kaskazini. Mambo hayo yote, mhimili, mzunguko, ikweta, yalisemwa kwa Kiswahili, kwa sababu nyanya ndiye aliyeuliza maswali na nyanya hataki kujibiwa kwa Kiingereza.

Ni huyo huyo mamangu ambaye mwanzo alinipinga. Alinambia, "Sisi tumepigwa na jua la Deira ili nyinyi mwende shule, leo wewe wawafungia wajukuu zangu ndani?" Ana haki yake. Kwa kizazi chake, mtoto aliye nyumbani siku ya shule ni mtoto aliyekosa ada. Wapo familia hapa Dubai ambao hali yao ni hiyo hasa: kazi imekatika, ada haipo, mtoto yuko sebuleni na hakuna aliyechagua chochote. Sisi tunaosomesha nyumbani kwa hiari tusijivune mbele yao. Lakini hata wao, wakati wakingoja mambo yafunguke, Kiswahili ni somo wanaloweza kulitoa bila kulipa mtu.

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisema kwa sauti. Katika nyumba nyingi za hapa, mtu mwenye Kiswahili kizuri kuliko wote ni dada wa kazi aliyetoka Kenya, Uganda au Tanzania. Na mara ngapi tunasikia akiambiwa aongee Kiingereza na mtoto? Yaani mwalimu yuko ndani na tumemziba mdomo. Mwache azungumze. Lakini pia tusimfanye mwalimu wa bure. Alikuja kwa kazi iliyoandikwa kwenye mkataba, na sheria ya mwaka 2022 inampa siku ya mapumziko kila wiki. Ukimwongezea kazi ya kufundisha, mwongezee na mshahara.

Najua hoja mtakazonijibu. Ya kwanza: "Watoto wataishi Dubai, au London, au Toronto. Hesabu kwa Kiswahili ya nini?" Mwenzangu, sisi hapa tunaishi kwa viza. Wapo wenye viza za muda mrefu, lakini wengi wetu viza imefungwa kwenye kazi. Kazi ya babangu ilipokwisha, walirudi Mombasa baada ya miaka zaidi ya thelathini. Mtoto anayerudishwa Kenya ghafla atakikuta Kiswahili kwenye mtihani, na akienda shule ya msingi ya serikali Tanzania atakikuta ndicho lugha ya masomo karibu yote. Kumwandaa ni sawa na kuweka akiba. Na hata asiporudi, bado ana nyanya.

Ya pili: "Kiswahili changu mwenyewe kibovu." Basi jifunze naye. Kamusi kwetu inakaa mezani karibu na chai. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, vikiwemo vya Darasa la Kwanza na la Pili vya kusoma, kuandika na kuhesabu. Watu walishakaa wakatafuta maneno ya sayansi, kazi yetu ni kuyatumia tu. Mtoto akimwona mzazi anatafuta neno, anajua lugha hiyo ina thamani ya kutafutiwa.

Ya tatu ni ya kweli kuliko zote: "Nimechoka." Hiyo sina dawa yake. Nami nimechoka. Ndiyo maana sisemi somo lote liwe kwa Kiswahili. Mkubwa wangu mitihani yake ni ya Kiingereza na anaifanya kwa Kiingereza. Tunachofanya ni kueleza kwa Kiswahili kwanza, kisha anaandika jibu kwa lugha ya karatasi. Siku nyingine inachanganyika, hatuiti polisi.

Nyinyi mlio na watoto shuleni, haya yanawahusu pia. Huhitaji kuacha kazi wala kumtoa mtoto darasani. Chagua somo moja tu. Hesabu ni nzuri kuanzia, kwa sababu namba hazina aibu: tano ni tano. Jumamosi na Jumapili, dakika ishirini, mhesabu, mpime, mgawanye mahamri kwa mafungu sawa. Na nyinyi ambao hamjazaa bado, mna wadogo zenu na wapwa. Mpe mpwa wako swali linalohitaji kufikiri, mwulize kwa Kiswahili, halafu nyamaza. Usimsaidie kwa Kiingereza hata akikaa kimya muda mrefu. Anatafuta maneno huyo, mpe nafasi ayapate.